Nani Atamlipia Mgonjwa?

Maradhi hayapigi hodi. Mtu hulala mzima, akaamka hajiwezi. Hapo maswali mawili huzuka nyumbani mwake. La kwanza ni hili: Ni dawa gani itakayomponya? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi nje ya mlango ili mgonjwa asisikie: Fedha zitatoka wapi? Swali la kwanza ni la waganga na madaktari. La pili ni letu sote, na historia yake katika nchi ya Kenya ndiyo ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu, katika insha hii.

Huenda ukadhani kwamba historia ni habari za vita, mikataba na watawala tu. Lakini taifa hujulikana pia kwa jinsi linavyomtendea mtu asiye na nguvu wala fedha. Ukitaka kujua watu wa zama fulani walithamini nini, usisikilize hotuba zao peke yake. Tazama pia mahali walipopeleka fedha zao.

Yafaa tuanze kwa kuliweka wazi jambo moja. Hakuna matibabu yasiyo na gharama. Sindano imenunuliwa, kitanda kimeundwa, na muuguzi ana watoto wanaomngojea nyumbani wapate kula. Tusemapo kwamba matibabu ni ya bure, maana yake ni kwamba aliyelipa si yule aliyelala kitandani. Basi ni nani? Iko mifuko minne ambamo fedha za tiba zaweza kutoka. Wa kwanza ni mfuko wa Serikali, ambao hujazwa na kodi za watu wote. Wa pili ni mfuko wa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake. Wa tatu ni mfuko wa bima, ambamo watu wengi huweka kidogo kidogo wangali wazima ili wasaidiwe wakiugua. Wa nne ni mfuko wa wahisani: misheni, mataifa ya kigeni na mashirika ya hisani. Habari yote itakayofuata ni habari ya mifuko hii minne, na jinsi mzigo ulivyotolewa katika huu ukatiwa katika ule.

Kabla ya kuja kwa wakoloni, mfuko mkubwa ulikuwa ule wa pili, lakini haukuwa wa mtu mmoja. Ugonjwa ulikuwa jambo la ukoo. Mganga alilipwa kwa kuku, mbuzi, nafaka au pombe, na mara nyingi jamaa ndio waliochanga malipo hayo. Tusiipambe zama ile kupita kiasi, kwa maana maarifa ya tiba yalikuwa na mipaka yake, na yalipokuja maafa makubwa ukoo wenyewe ulishindwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno, kisha ndui na njaa zikawaangukia watu. Jamaa waliozoea kuchangiana hawakuwa na kitu cha kuchanga, kwa sababu wote waliumwa na wote walikuwa na njaa kwa wakati mmoja. Likumbuke neno hili, msomaji, kwa kuwa tutalirudia: mfuko mdogo hutosha kwa msiba mdogo tu.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, ulileta tiba ya namna mpya, lakini haukuileta kwanza kwa ajili ya wenyeji. Madaktari wa Serikali walitazamiwa kulinda afya ya maofisa, ya askari, na ya vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto. Hofu ya ugonjwa kuwafikia watawala ilikuwa na nguvu kuliko huruma kwa waliougua. Hata hivyo, mwaka 1901 ilianzishwa hospitali ya wenyeji mjini humo, yenye vitanda 40. Usiidharau mbegu hiyo ndogo. Mwaka 1952 ilipewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, inayojulikana leo hata nje ya mipaka ya nchi.

Mashambani, kazi ya tiba ilifanywa zaidi na misheni. Huko Kikuyu, Tumutumu, Maseno, Kaimosi na kwingineko, wamisionari walijenga zahanati na hospitali mwanzoni mwa karne ya 20. Gharama zilitoka katika sadaka za waumini wa Ulaya na Marekani, pamoja na ada ndogo walizotozwa wagonjwa. Hapa mfuko wa wahisani waonekana kwa mara ya kwanza katika habari yetu. Uliokoa watu wengi, na kuukana wema huo ni utovu wa shukrani. Lakini mfuko wa mhisani una masharti yake: hufunguka apendapo mwenyewe, na hufungwa apendapo mwenyewe.

Je, Mwafrika alikuwa hachangii chochote? La, alichangia sana. Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka 1901, na sheria ya mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba za kulipia. Mwanamume aliyekosa fedha hizo ililazimu aende kufanya kazi ya mshahara, mara nyingi katika shamba la Mzungu. Walowezi, kwa upande wao, waliipinga kodi ya mapato kwa muda mrefu. Ilianzishwa mwaka 1921, ikafutwa mwaka uliofuata, na haikurudi ikasimama imara mpaka mwaka 1937. Fedha zilizotoka vijijini zilisaidia kujenga reli, barabara na ofisi zilizowafaa zaidi watu wengine, na kilichorudi vijijini kwa sura ya dawa kilikuwa kidogo. Hili ni funzo la kwanza la historia hii. Kulipa kodi ni jambo moja, na kupata haki yako katika kodi hiyo ni jambo jingine.

Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kati ya 1914 na 1918, iliufunua ukweli huo kwa ukatili. Wanaume kwa makumi ya maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Wengi hawakurudi, na waliokufa kwa homa, kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariokor mjini Nairobi latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Isitoshe, madaktari walipowapima vijana walioitwa kazini, waliwakuta wengi hawafai kwa sababu ya maradhi na udhaifu wa mwili. Ndipo Serikali ilipoanza kutambua kwamba nchi haiwezi kuvuna kazi ya watu ambao haikujali afya yao.

Katika miaka ya 1920 lilitokea jambo ambalo halina budi kukumbukwa. Buba ulikuwa ugonjwa mbaya wa vidonda, ulioharibu ngozi na mifupa, hasa ya watoto. Serikali na misheni zilipeleka sindano mashambani, na watu wakaona kwa macho yao vidonda vikifunga kwa muda mfupi. Waliokuwa wakisemwa kwamba ni washamba wasiopenda tiba ya kizungu walifika makundi kwa makundi bila kulazimishwa. Basi ilidhihirika kwamba watu hawakuwa wameikataa tiba. Tiba ndiyo iliyokuwa haijawafikia.

Kuanzia katikati ya miaka hiyo yaliundwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya mbalimbali. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza ushuru wao juu ya kodi ya Serikali, na fedha hizo zilitumika kujenga shule, barabara ndogo na zahanati. Zahanati nyingi za mashambani zilizosimama kabla ya uhuru zilijengwa au kuendeshwa kwa fedha hizo. Utaona, basi, kwamba mwanakijiji alilipa mara mbili: alilipa kodi ya Serikali iliyokwenda mbali, kisha akalipa ushuru wa baraza ili apate huduma karibu.

Mijini, mifuko ilitenganishwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na hospitali zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Mwaka 1954 ilifunguliwa Nairobi hospitali nzuri ya Wazungu, ambayo leo yaitwa The Nairobi Hospital na hupokea watu wote wawezao kulipa. Jamii za Wahindi zilijijengea hospitali kwa michango yao, kama ile ya Pandya mjini Mombasa, na zile za Aga Khan za Mombasa na Nairobi. Ile ya Aga Khan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1958, ilifungua milango yake kwa watu wa rangi zote. Hivyo ndivyo Kenya ilivyorithi njia mbili za tiba, ya umma na ya binafsi. Baada ya uhuru mgawanyo wa rangi uliondolewa, lakini njia zenyewe zilibaki, na mlinzi mpya akasimama mlangoni mwa ile iliyo nzuri zaidi. Mlinzi huyo ni bei.

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya uhuru ilipandishwa. Viongozi wapya waliwatajia wananchi maadui watatu wa kupigwa vita: ujinga, umaskini na maradhi. Maneno hayo hayakuachwa hewani. Tangu zama za ukoloni mgonjwa wa nje alitozwa shilingi 5 katika hospitali za Serikali. Mwaka 1965 ada hiyo ilifutwa. Kwa mtu mwenye mshahara mnono, shilingi 5 hazikuwa kitu. Kwa kibarua zilikuwa chakula cha siku nyingi. Wananchi wengi waliuona uhuru kwa macho yao siku ile walipoingia zahanati na kutoka na dawa bila kufungua kibindo.

Mwaka uliofuata, 1966, Bunge liliunda Bima ya Taifa ya Hospitali. Wafanyakazi waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi walikatwa shilingi 20, na walipolazwa, bima ililipa sehemu ya gharama. Nataka ufahamu vizuri namna bima inavyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili lote. Chukua mfano wa kubuni. Kijiji kina nyumba 100, na kila mwaka nyumba moja hupatwa na ugonjwa utakao upasuaji wa shilingi 60,000. Nyumba hiyo ikiachwa peke yake itauza ng'ombe, kisha shamba, na watoto wataondolewa shuleni. Lakini kila nyumba ikitoa shilingi 50 kwa mwezi, mwisho wa mwaka zitakuwapo shilingi 60,000 kamili. Hakuna aliyeuza shamba, na hakuna aliyeumia sana. Wahenga walisema akiba haiozi, na tena kidole kimoja hakivunji chawa. Bima ni methali hizo mbili zilizoandikwa katika daftari la hesabu.

Bima ile ya mwaka 1966 ilikuwa na upungufu, hata hivyo. Wananchi wengi, yaani wakulima, wafugaji, wachuuzi na vibarua, hawakufikia kipimo cha shilingi 1,000, na kwa hiyo walikuwa nje ya ua. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanaotaka kujiunga kwa hiari. Kadhalika, kwa miaka mingi malipo yalikuwa yale yale shilingi 20, kwa karani na kwa mkurugenzi, mpaka mwaka 1990 yalipopangwa kwa kadiri ya mshahara.

Tarehe 1 Januari 1970 Serikali Kuu ilizichukua huduma za afya kutoka mabaraza ya kaunti, kwa sababu mengi yalikuwa yameelemewa na gharama. Tangu hapo mzigo mkubwa ulikuwa juu ya mfuko mmoja. Wananchi walisaidia kwa harambee. Waliuza kuku na kuchanga senti ili kujenga vituo vya afya, wakitumaini kwamba Serikali ingeleta wauguzi na dawa. Wahisani nao hawakuwa mbali. Mjini Kisumu ilijengwa hospitali kwa msaada wa Shirikisho la Kisovieti, ikafunguliwa mwaka 1969, na watu hadi leo huiita Russia. Jengo, msomaji, hutolewa mara moja. Lakini mshahara wa muuguzi hutakiwa kila mwezi, na dawa hutakiwa kila siku. Aliyekupa nyumba hakukupa chakula cha kuwalisha waliomo.

Pole pole mfuko wa Serikali ukaanza kulegea. Hesabu ya watu mwaka 1962 ilionyesha milioni 8.6, ile ya mwaka 1989 ilionyesha milioni 21.4. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973, madeni ya nje yaliongezeka, na bei za mazao yaliyouzwa ng'ambo hazikutabirika. Sehemu kubwa ya fedha za afya ilimezwa na hospitali kubwa za mijini, hali watu wengi waliishi mashambani. Tena tangu Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 watumishi wa Serikali waliruhusiwa kuwa na biashara zao, na madaktari wengi wa umma wakawa na kliniki za kulipia. Dawa zilikosekana. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba tiba ni ya bure alipewa kikaratasi aende kununua dawa dukani. Hivyo gharama ilirudi katika mfuko wake bila ya sheria yoyote kutungwa.

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa shauri kwamba nchi zinazoendelea ziwatoze wagonjwa ada. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na yafaa tuitendee haki. Ilisemwa kwamba ada zingeongeza fedha za dawa, zingewazuia watu kufika hospitali kubwa kwa maradhi madogo, na kwamba maskini wangesamehewa. Tarehe 1 Desemba 1989 Kenya iliianza siasa hiyo, iliyoitwa kugawana gharama. Ada ilikuwa shilingi 10 katika kituo cha afya na shilingi 20 katika hospitali. Sehemu kubwa ya makusanyo, robo tatu, ilibaki pale pale yalipokusanywa ili kuboresha huduma, na robo iliyobaki ilitumika kwa afya ya msingi wilayani.

Matokeo yalikuwaje? Wataalamu waliohesabu wagonjwa katika kliniki moja ya Serikali mjini Nairobi, iliyotibu magonjwa ya zinaa, waliona kwamba katika miezi ya ada mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya zamani, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hebu tafakari. Je, maradhi yalikuwa yamepungua? Hata kidogo. Waliopungua ni waliotibiwa. Nao walikaa nyumbani na magonjwa ya kuambukiza wakati ule ule UKIMWI ulipokuwa ukienea, na yajulikana kwamba magonjwa hayo yasipotibiwa huurahisishia UKIMWI njia. Ada iliyokusudiwa kuokoa fedha iliandaa gharama kubwa zaidi ya kesho. Na ile ahadi ya kuwasamehe maskini ilikuwa ngumu kutimizwa, kwa maana ilimtaka mtu asimame mbele ya karani, mbele ya safu ya majirani zake, athibitishe umaskini wake.

Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa. Wanawake walirudi kwa wingi, lakini wanaume hawakufikia tena idadi yao ya awali. Mtu akishazoea kukaa na ugonjwa, si rahisi kumrudisha njiani. Baadaye ada zilirudishwa hatua kwa hatua kwa jina la ada ya matibabu. Kufikia mwaka wa fedha wa 2001/02, hesabu za taifa zilionyesha kwamba nusu ya matumizi yote ya afya nchini, takriban asilimia 51, ilitoka mifukoni mwa wananchi wenyewe. Serikali ilitoa kama asilimia 30, na wahisani kama asilimia 16. Mfuko ulio mdogo kuliko yote ndio uliobeba mzigo ulio mkubwa kuliko yote.

Katika karne hii ya 21 nchi imekuwa ikijaribu kuupindua mzani huo. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya, kama nchi nyingi, imebaki chini ya kipimo hicho. Julai 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa zikawa shilingi 10 na 20. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya watu wote, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, na gharama yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotiliwa shaka. Mwaka 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zilifutwa, na akina mama wakaruhusiwa kujifungua katika hospitali za umma bila malipo. Mwaka huo pia kaunti 47 zilichukua kazi ya kuendesha huduma za afya, nayo Serikali ya taifa ikabaki na hospitali kuu za rufani na siasa ya afya.

Jambo kubwa kuliko hayo yote liliandikwa tarehe 27 Agosti 2010, siku ilipoanza kutumika Katiba mpya. Ibara ya 43 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kabla ya hapo tiba ilikuwa fadhili ya Serikali. Tangu hapo imekuwa deni lake. Na deni hilo limewahi kudaiwa mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili hospitalini kwa kuwa walishindwa kulipa gharama za uzazi kulikuwa kuvunja haki zao. Nchi ambayo mzazi aweza kuwa mfungwa kwa kosa la kujifungua bado ina safari ndefu. Lakini nchi ambayo mzazi huyo aweza kushtaki na kushinda imekwisha kuianza safari.

Sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 iliivunja bima ile ya mwaka 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaanza kazi Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hutoa asilimia 2.75 ya mapato yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Angalia tofauti. Chini ya viwango vya mwaka 2015, aliyepata shilingi milioni moja kwa mwezi hakulipa zaidi ya shilingi 1,700. Chini ya sheria mpya hulipa 27,500. Hapo haki imesogea mbele. Lakini mwuza mboga na mvuvi hawana karani wa kuwakata mshahara, na mapato yao leo yapo, kesho hayapo. Kuwaingiza hao katika mfuko mmoja na wengine, na kuhakikisha kwamba hospitali zilizowatibu zinalipwa kwa wakati, ndio mtihani wa bima yoyote katika nchi ambayo wengi wa watu wake hawana mshahara. Bima iliyo madarakani leo haitahukumiwa kwa uzuri wa sheria yake, bali kwa mtihani huo.

Mfuko wa wahisani nao umetufunza jambo. Kwa miaka mingi dawa za UKIMWI nchini zilinunuliwa kwa fedha nyingi za kutoka nje, hasa Marekani, na maisha ya watu wengi yaliokolewa. Kisha Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha ghafla misaada yake mingi, na wasiwasi ukaingia kliniki kwa kliniki. Tulikwisha kusema: mwenye mfuko ndiye afunguaye, ndiye afungaye.

Sasa tukusanye mafunzo yetu. Mfuko wa mgonjwa ni wa haraka lakini ni mdogo, nao humwomba fedha mtu wakati ule ule asipoweza kufanya kazi. Mfuko wa mhisani ni mwema lakini si wetu. Mfuko wa bima una nguvu kwa kadiri ya wingi wa walioingia, na hudhoofu wazima na matajiri wakikaa nje. Mfuko wa Serikali ni mkubwa kuliko yote, lakini huvuja usipolindwa. Kila shilingi inayoibwa humo imetolewa chini ya mto wa mgonjwa. Hospitali za watu binafsi zina kazi yao njema, na hakuna sababu ya kuzichukia. Hatari ni moja tu: wenye sauti katika nchi wakizihamia wote, hospitali za umma zitabaki bila mtetezi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kadi ya hospitali ya kulipia hajui kwamba zahanati ya kijijini haijapata dawa tangu mwezi uliopita.

Enyi vijana mnaosoma kurasa hizi, miaka si mingi mtakuwa walipa kodi, wauguzi, makarani wa fedha, madiwani na wabunge. Bajeti itasomwa mbele yenu kila mwaka mwezi wa Juni, na wengi husinzia isomwapo. Ninyi msisinzie. Ulizeni fungu la afya ni kiasi gani, limetoka mfukoni mwa nani, na limefika zahanati gani. Maana siku moja mtu atasimama nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa, katika kijiji msichokijua, akiuliza kwa sauti ya chini fedha zitatoka wapi. Na jawabu atakalolipata litakuwa limekwisha kuandikwa katika bajeti mliyoipitisha ninyi.